Barabara ya Dongo Kundu: kuzunguka Mombasa bila feri

Kwa miaka mingi, mtu aliyetoka bara akielekea Ukunda, Msambweni au Lunga Lunga alilazimika kuingia kisiwani Mombasa na kupanga foleni Likoni. Aliyetaka kuikwepa feri alibaki na njia ya Samburu na Kinango, mzunguko mrefu. Barabara ya mchepuko ya Dongo Kundu ndiyo iliyokata kiu hiyo. Huondoka barabara kuu ya Nairobi pale Miritini, ikazunguka magharibi mwa Bandari ya Kilindini, ikatokea Kibundani kwenye barabara ya Likoni na Lunga Lunga.

Jinsi ilivyojengwa

Mradi uko chini ya Mamlaka ya Barabara Kuu Nchini (KeNHA), na sehemu kubwa ya fedha ni mkopo wa Japani kupitia shirika lake la JICA. Kazi iligawanywa vipande vitatu.

Kipande cha kwanza, kilomita 10.1, ni cha Miritini hadi Mwache pamoja na tawi la kwenda Kipevu, kwenye kituo kipya cha makasha. Kilijengwa na kampuni ya Kichina ya CCECC na kufunguliwa mwaka 2018. Ndicho kinachotumiwa pia na wanaokwenda stesheni ya reli ya SGR Miritini.

Kipande cha pili, kilomita 8.96, hutoka Mwache kupitia Tsunza hadi Mteza. Ndicho kilichokuwa kigumu zaidi, kwa sababu hupita juu ya maji na mikoko. Daraja la Mwache lina urefu wa mita 660, na la Mteza mita 1,440. Kazi hiyo ilipewa kampuni za Kijapani, Fujita na Mitsubishi.

Kipande cha tatu, kilomita 6.9, ni cha Mteza hadi Kibundani. Mwaka 2024 barabara yote ikawa wazi kwa magari.

Kwa nini ilihitajika

Kivuko cha Likoni hutajwa kuwa kinabeba zaidi ya watu 300,000 kwa siku. Feri moja ikiharibika, foleni hufika mbali pande zote mbili, na mgonjwa aliye kwenye ambulansi husubiri kama wengine. Pwani pia haijasahau Mtongwe. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ilipinduka na watu 272 wakafa maji. Septemba 2019 mama na bintiye walizama na gari lao Likoni, na ikachukua karibu wiki mbili kuwatoa. Kila msiba wa aina hiyo ulirudisha swali lile lile: barabara ya Dongo Kundu itakwisha lini?

Sababu ya pili ni biashara. Eneo maalumu la kiuchumi la Dongo Kundu liko upande wa kusini wa bandari, na bila barabara hii mizigo yake ingekwama. Lori linalotoka Tanzania kupitia Horohoro nalo sasa hufika barabara ya Nairobi bila kugusa kisiwa.

Anayetoka Garissa na Kaskazini Mashariki

Msafiri wa Diff, Wajir Kusini, akishafika Garissa ana njia mbili za kuteremka Kwale. Akipitia Nairobi, atashuka na barabara kuu hadi Miritini na kuingia mchepuko moja kwa moja. Akifuata Mto Tana, yaani Hola, Garsen, Malindi na Kilifi, mchepuko hauko mbele yake: uko magharibi ya jiji, naye anaingia kutoka kaskazini. Hapo ana hiari ya kukata Mavueni kupitia Kaloleni hadi barabara kuu ya Nairobi, kisha ateremke Miritini. Akiendelea kupitia Mtwapa na Nyali, atakutana na msongamano wa jiji kwanza. Kwa mwenye lori la mifugo tofauti hiyo si ndogo, maana ng'ombe kwenye foleni ya jua kali hupungua uzani kabla ya kufika sokoni.

Isichotatua

Mchepuko umewafaa wenye magari. Mtembea kwa miguu wa Likoni anayefanya kazi kisiwani bado anaitegemea feri, ambayo kwake ni bure. Kuzunguka hadi Miritini ni nauli ambayo kibarua hana. Daraja linaloelea la Liwatoni, lililojengwa kupunguza msongamano wa watembeaji wakati wa korona, lilikuwa la muda tu. Daraja la kudumu kati ya kisiwa na Likoni lingali mpango.

Wa pili wa kukumbukwa ni watu wa Tsunza na Mteza. Barabara imepita kwenye mashamba, makaburi ya wazee na mikoko wanakozaliana samaki na kamba. Vijiji vilivyokuwa vikifikiwa kwa mtumbwi sasa viko kando ya lami, na bei ya ardhi haiwezi kubaki ilivyokuwa. Mwenye shamba lisilo na hati ndiye aliye hatarini: kwanza kukosa fidia, kisha kuuziwa ardhi aliyozaliwa juu yake. Aliye na haki ya kurithi huko asingoje mnunuzi abishe hodi. Aanze sasa kushughulikia hati, maana barabara ikishafika, wageni hawachelewi.