Uzito wa Mwili wa Watu Wazima, Utafiti wa (Kakamega)

Utafiti wa uzito wa mwili wa watu wazima huchunguza sifa za kimaumbile na mienendo inayoandamana na uzito wa mtu aliyekwisha kukua: urefu wake, mzunguko wa kiuno, mafuta yalivyogawanyika mwilini, urithi wa wazazi, chakula, kazi, mwendo, usingizi, unywaji wa pombe na mahali alipolelewa. Makala hii inautazama kutoka Kaunti ya Kakamega, magharibi mwa Kenya, ambayo sensa ya 2019 iliihesabia watu 1,867,579. Hapa kuna msitu, kuna mashamba ya miwa ya Mumias na Kabras, kuna vishamba vya mahindi na maharagwe vilivyogawanywa baina ya ndugu vizazi kwa vizazi, na kuna mji wenye chuo kikuu, hospitali ya rufaa, ofisi na vibanda vya chipsi. Watoto wa mama mmoja husambaa katika maisha haya yote. Mmoja hukata miwa, wa pili huendesha bodaboda, wa tatu hukaa mezani kutwa. Wakikutana nyumbani Desemba, miili yao huonyesha tofauti ambazo damu peke yake haiwezi kuzieleza.

Kazi yenyewe huanzia kwenye mizani, na hapo ndipo tafiti nyingi huharibika. Mizani ikiwekwa juu ya sakafu ya udongo iliyobonyea, husoma uongo. Mpimaji makini hutafuta ubao au saruji iliyonyooka. Mpimwaji huvua viatu na koti, huweka leso ya pili pembeni, hutoa simu na sarafu mfukoni. Urefu nao una matatizo yake: mwanamke aliyesukwa nywele na kuzifunga utosini huongezeka sentimita kadhaa asizokuwa nazo, na si kila mtu yuko tayari kufumua nywele kwa ajili ya mgeni mwenye fomu. Kiuno hupimwa kwa utepe katikati ya ubavu wa mwisho na ncha ya juu ya mfupa wa nyonga, mtu akiwa ametoa pumzi kwa utulivu. Wajawazito hutengwa katika hesabu. Haya yanaonekana madogo, lakini kosa la kilo mbili kwa kila mtu linatosha kuhamisha maelfu ya watu kutoka kundi moja hadi jingine katika ripoti ya taifa.

Kipimo kinachotumika zaidi duniani ni BMI, yaani uzito kwa kilo uliogawanywa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mwanamke wa kilo 70 na urefu wa mita 1.60 hupata 27.3. Kuanzia 25 huitwa uzito uliozidi, na kuanzia 30 unene wa kupindukia. Kanuni hiyo ilibuniwa na Mbelgiji Adolphe Quetelet katika miaka ya 1830, aliyekuwa akimtafuta "mtu wa wastani" kwa hesabu wala hakuwa akitafuta ugonjwa. Jina lake la sasa lilitolewa mwaka 1972 na Ancel Keys wa Marekani na wenzake, kwa kutumia vipimo vya wanaume peke yao. Kwa kukisia hali ya umma mzima, BMI inafaa. Kwa kumhukumu mtu mmoja, haitoshi. Mkata miwa mwenye mabega ya misuli na karani mwenye kitambi wanaweza wote kupata 27, na hatari zao za kisukari zikawa mbalimbali kabisa.

Kwa sababu hiyo watafiti hupima kiuno pia, maana mafuta yanayozunguka ini na matumbo ndiyo yanayohusishwa zaidi na kisukari na shinikizo la damu. Lakini nacho kimerithi mipaka ya kigeni. Kwa miaka mingi Waafrika walipimwa kwa mipaka ya Wazungu, sentimita 94 kwa wanaume na 80 kwa wanawake. Uchambuzi wa data za nchi mbalimbali za Afrika kusini mwa Sahara uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kuwa mpaka unaofaa ni karibu sentimita 81 kwa jinsia zote mbili. Mwanaume mwenye kiuno cha sentimita 88, aliyekuwa akiambiwa yuko salama, kumbe alistahili kuangaliwa sukari yake.

Kwa Kenya nzima, utafiti mkubwa wa aina hii ni ule wa STEPS wa mwaka 2015, uliofanywa na Wizara ya Afya na Shirika la Kitaifa la Takwimu kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani. Watu wazima wapatao 4,500 wenye umri wa miaka 18 hadi 69 walihojiwa, wakapimwa mwili, kisha wakatolewa damu. Asilimia 27 walikuwa na uzito uliozidi au unene wa kupindukia: wanawake asilimia 38.5, wanaume asilimia 17.5. Tafiti za idadi ya watu na afya zilionyesha mwelekeo huo huo, kwani wanawake wa miaka 15 hadi 49 waliokuwa na BMI ya 25 au zaidi walitoka asilimia 25 mwaka 2008–09 hadi 33 mwaka 2014. Jambo moja halipaswi kusahauliwa na mtu wa magharibi mwa Kenya anaposoma takwimu za STEPS: zilikusanywa Aprili hadi Juni, miezi ambayo katika nyumba nyingi za Kakamega mahindi ya mwaka uliopita yanakwisha na mapya bado yako shambani. Mkulima aliyepimwa Juni si yule yule wa Septemba.

Upungufu mkubwa wa tafiti za namna hii ni kwamba hupima mara moja tu. Zikionyesha kuwa watu wazito hutembea kidogo, hazisemi kama kutotembea ndiko kulikoongeza uzito au uzito ndio uliowakalisha. Tafiti zilizowafuatilia au kuwalinganisha watu walipobadilisha maisha zina thamani zaidi, na majirani wa Kakamega wamechangia baadhi zilizo bora duniani. Wajaluo waliohama kutoka kijijini Nyanza kwenda Nairobi walifuatiliwa na kikundi cha Neil Poulter, kikachapisha matokeo mwaka 1990. Shinikizo la damu lilipanda mapema baada ya kufika mjini, huku chumvi katika mkojo ikiongezeka na potasiamu ikipungua. Mwaka 2008 Dirk Christensen na wenzake walichapisha vipimo vya Wajaluo, Wakamba na Wamaasai: mjini karibu asilimia 40 walikuwa na uzito uliozidi, vijijini karibu 16. Kaskazini, kikundi cha Amanda Lea kiliwapima Waturkana 1,226 katika sehemu 44, kikaripoti mwaka 2020. Wafugaji walikuwa na afya njema ya moyo na sukari. Waliohamia mijini walizorota katika viashiria vingi. La kutisha zaidi, waliozaliwa na kukulia mjini walibeba athari hiyo hadi utu uzima.

Je, urithi? Una nguvu, na anayekana hilo anawaonea watu. Utafiti wa Denmark wa mwaka 1986 ulionyesha kuwa watoto walioasiliwa walifanana kwa uzito na wazazi waliowazaa, si waliowalea. Mwaka 2007 jeni ya FTO ilitambuliwa huko Ulaya. Mwenye nakala mbili za aina inayoongeza uzito huwa mzito kwa takriban kilo tatu kuliko asiye nayo kabisa. Mradi wa AWI-Gen umelitafuta jambo hili kwa Waafrika wenyewe, Nairobi ikiwa miongoni mwa vituo vyake pamoja na vya Afrika Kusini, Ghana na Burkina Faso. Hata hivyo jeni za Wakenya hazikubadilika kati ya 2008 na 2014. Kilichobadilika ni maisha.

Kakamega mabadiliko hayo yanaonekana barabarani. Baiskeli ndiyo ilikuwa bodaboda ya magharibi, na dereva wake alisukuma abiria na mzigo kwa miguu yake kutwa nzima. Mwaka 2008 serikali iliondoa ushuru wa VAT kwa pikipiki ndogo, na kazi ile ya miguu ikahamia kwenye injini, kwa dereva na kwa abiria aliyezoea kutembea hadi sokoni. Mezani, obusuma (ugali) wa wimbi na mtama umepisha unga wa mahindi uliokobolewa. Mrenda, kunde na mnavu bado vipo, ila STEPS ilionyesha kuwa asilimia 94 ya Wakenya hawafikishi kiwango cha matunda na mboga kinachopendekezwa kwa siku. Chai ya sukari nyingi, mandazi, busaa ya jioni: vyote huingia kwenye hesabu, na hojaji ikimuuliza mtu "vyakula" tu huviacha nje, kwa kuwa chai na busaa hunywewa.

Lakini mtu asikimbilie kusema kuwa tatizo ni uvivu. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walipima nishati inayotumiwa na Wahadza 30 wa Tanzania, wawindaji wanaotembea mno, wakakuta kuwa kwa kuzingatia ukubwa wa miili yao hawakutumia nishati nyingi kuliko watu wa Marekani na Ulaya. Mwili hubana matumizi kwingine. Mazoezi yanalinda moyo na sukari kwa hakika, ila uzito wenyewe unategemea zaidi kinacholiwa, na kinacholiwa kinategemea bei na kilicho dukani.

Kuna na jicho la jamii. Mwaka 1985 ugonjwa uliowakondesha watu wa Rakai, Uganda, ulielezwa katika jarida la Lancet kwa jina walilouita wenyewe, "slim": ulikuwa UKIMWI. Kwa kizazi kilichozika ndugu zao katika miaka iliyofuata, kukonda kulikuwa habari mbaya, na mwili mnene ukawa ushahidi wa uzima. Mtafiti anayemwambia mama wa Lurambi, Kakamega, apunguze kilo, bila kujua historia hiyo, anaomba jambo zito.

Tangu Septemba 2023 wahudumu wa afya ya jamii 100,000 nchini wamepewa mikoba yenye mizani, kipima shinikizo na kipima sukari. Kakamega ina wahudumu hao, ina Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, na ina hospitali ya kupokea watakaogunduliwa. Nyumba zile zile zikipimwa mwezi ule ule kila mwaka, kiuno pamoja na uzito, na kila mtu akasomewa majibu yake kwa lugha anayoielewa kabla mpimaji hajaondoka, kaunti itaweza kujua ni maisha gani yanatangulia uzito na yapi yanafuata.