Kisa cha Kabaila na Lenzi: Ushawishi katika Barua ya Ernst Stuhlinger (1970) na Funzo Lake kwa Uganda

Tarehe 6 Mei 1970, Ernst Stuhlinger, mwanasayansi wa NASA mjini Huntsville, Marekani, alimjibu Sista Mary Jucunda, mtawa aliyehudumia watoto wenye njaa huko Kabwe, Zambia. Sista alikuwa ameuliza inawezekanaje kupendekeza mabilioni ya dola kwa safari ya Mirihi ilhali watoto wanakufa kwa njaa. Jibu hilo, lililochapishwa baadaye na NASA, lingali likirejelewa na watetezi wa safari za anga za juu. Makala hii inadai kwamba nguvu yake na udhaifu wake vina chanzo kimoja: kisa ambacho mwisho wake unajulikana.

Stuhlinger hakuanza na roketi. Alianza kwa kueleza jinsi alivyomstahi mwulizaji na kuutukuza wito wake. Kisha akasimulia kisa cha kabaila wa Kijerumani, aliyeishi yapata miaka 400 kabla, ambaye aliwagawia maskini sehemu kubwa ya pato lake lakini pia akamfadhili fundi wa lenzi. Wenyeji walinung'unika, kwani tauni ilikuwa ikiwasumbua. Kazi ya namna hiyo ndiyo iliyozaa hadubini, nayo ikasaidia kuyashinda maradhi. Msomaji, akijua tayari thamani ya hadubini, hukubali hitimisho kabla ya kulipima. Kisa hakiwataji mafundi waliofadhiliwa bila kuzaa matunda.

Hata hivyo, barua haikuegemea kisa pekee. Ilieleza kwamba anga za juu zilitengewa takriban asilimia 1.6 ya bajeti ya Marekani, na kwamba mlipakodi mwenye kipato cha dola 10,000 kwa mwaka alichangia dola 30 hivi. Ilieleza pia jinsi setilaiti zingeweza kuchunguza mazao, udongo na mvua. Hoja hizi zinakaguliwa; kisa hakikaguliki.

Mwaka huohuo ushawishi wa aina ya tatu ulijitokeza katika pwani ya Kenya. Tarehe 12 Desemba, setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la Waitalia la San Marco, karibu na Malindi, ikaitwa Uhuru kwa heshima ya sikukuu ya uhuru wa Kenya. Kazi yake ilikuwa kupima miale ya eksirei kutoka anga za mbali. Jina ndilo lililoifungamanisha na wenyeji.

Njia hizi zinakutana katika PearlAfricaSat-1, setilaiti ya kwanza ya Uganda, iliyorushwa kutoka Virginia tarehe 7 Novemba 2022. Wahandisi watatu wa Uganda waliiunda katika Taasisi ya Teknolojia ya Kyushu, Japani. Jina lake linaibua fahari ya Lulu ya Afrika, nayo kamera yake ilitetewa kwa manufaa ya kilimo, misitu na maji.

Tofauti moja ni ya msingi. Asilimia 1.6 ilikuwa fedha za Wamarekani, naye mwulizaji alihudumu Zambia. Nchini Uganda, anayelipa, anayeuliza na anayeahidiwa manufaa ni raia yuleyule. Kwa hiyo kisa cha kabaila hakimtoshi mshauri wa sera aliyeko Kampala. Kila andiko linaloomba fedha za anga za juu lipimwe kwa maswali matatu: picha zitabadili uamuzi gani, zitamfikia nani, na kufikia lini? Andiko lisilojibu hayo huenda likapendeza masikioni, lakini halijathibitisha hoja yake.