Mwindaji Aliyewaita Wanyama: Habari za Ishi wa California

Somo letu la leo la historia linatupeleka mbali, hata Marekani, katika jimbo la California. Mwalimu wa darasa, kama ramani ipo ukutani, tafadhali waonyeshe. Ni upande wa magharibi, penye bahari ya Pasifiki.

Huko yuko mnyama afananaye na kulungu wetu, lakini pembe za dume zina matawi, na kila mwaka huanguka zikaota nyingine. Masikio yake ni makali na pua yake ni kali zaidi. Mtu mwenye upinde ni lazima amkaribie sana. Basi afanyeje? Wenyeji wa nchi ile walijua jibu: usimfuate mnyama, mwite aje.

Tunaijua elimu hiyo vizuri kwa sababu ya mtu mmoja aitwaye Ishi. Alikuwa wa kabila la Wayahi. Dhahabu ilipoonekana California mwaka 1848, wageni walimiminika kwa maelfu, wakatwaa nchi. Katika miaka ya 1860 Wayahi waliuawa makundi kwa makundi, wake kwa waume, hata watoto. Waliosalia walijificha katika makorongo ya Deer Creek kwa muda wa miaka 40 hivi. Fikirini maisha hayo! Mlio wa bunduki husikika mbali, na ungewaleta adui. Upinde hauna kelele. Kwao, kujua kumwita mnyama mpaka hatua chache kulikuwa ni kula au kufa njaa.

Mwaka 1908 wapima ardhi walikuta maficho yao, wakachukua vitu vyao, hata pinde. Mama yake Ishi, aliyekuwa mgonjwa, alikufa baadaye, na wengine hakuwaona tena. Tarehe 29 Agosti 1911 Ishi alitokea peke yake karibu na mji wa Oroville, akiwa na njaa. Wataalamu wa Chuo Kikuu walimchukua, akakaa katika makumbusho huko San Francisco. Jina lake mwenyewe hakulitaja kamwe. “Ishi” katika lugha yao ni “mtu” tu.

Daktari wa hospitali ya Chuo Kikuu, Saxton Pope, akawa rafiki yake na mwanafunzi wake. Naam, daktari alikuwa mwanafunzi, na mtu asiyejua kusoma alikuwa mwalimu. Mlio hapo darasani msione haya.

Ishi alimfundisha hivi. Siku moja kabla ya kuwinda, usile samaki wala usivute tumbaku, maana harufu yake husikika mbali. Alfajiri oga mtoni, jisugue kwa majani yenye harufu nzuri, sukutua kinywa, unywe maji, usile kitu. Kisha nenda upande ambao upepo unatoka kwa mnyama kuja kwako.

Kumwita jike, alikunja jani akaliweka katikati ya midomo, akalivuta kwa nguvu. Ilitoka sauti kama ya mtoto wa mnyama yule akilia, na mama akisikia huja mbio. (Wengine mtasema huo ni ukatili. Labda, lakini mwenye njaa hakuwa na nafasi ya kuuliza.) Kwa sungura alibana vidole midomoni akatoa mlio wa sungura aliyekamatwa. Sungura walikuja, na hata paka-mwitu walikuja, nao wakitafuta chakula.

Hila nyingine ilikuwa ya macho. Alivaa kichwani ngozi ya kichwa cha dume iliyojazwa, akajificha nyuma ya kichaka kifupi, akakiinua na kukiinamisha. Mnyama akiona hushangaa, husogea apate kujua ni nani yule. Ndipo Ishi, akichuchumaa, alivuta kamba kwa kidole gumba. Ncha ya mshale ilikuwa ya jiwe jeusi ling’aalo, au ya kioo cha chupa alichokichonga mwenyewe.

Ishi alikufa kwa kifua kikuu tarehe 25 Machi 1916. Pope aliandika kitabu juu ya upinde mwaka 1923, na mwaka 1925 yeye na rafiki zake Arthur Young na Stewart Edward White walifika hapa kwetu, Tanganyika, kuwinda simba kwa mishale. Basi elimu iliyoanzia korongoni ikafika Afrika.

Wataalamu walikuwa wameutoa ubongo wa Ishi, wakaupeleka Washington, nao ukawekwa huko zaidi ya miaka 80. Mwaka 2000 watu wa makabila ya jamaa zake walirudishiwa, wakauzika pamoja na majivu yake katika nchi yake ya zamani. Mahali penyewe hawakupataja.