Minyaa, ua uliotunza kumbukumbu za Singida

Kabla senyenge na matofali ya saruji havijaenea Singida, mji wa mtu ulizungushiwa ua unaoota. Katika nchi ya Wanyaturu na Wanyiramba mvua ni ya msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili. Mmea wa ua ulipaswa kuvumilia kiangazi kirefu bila kuliwa na mbuzi. Mnyaa uliyaweza yote mawili.

Vijani vyake ni vidogo mno na hupukutika upesi, kwa hiyo vijiti vyenyewe vya kijani ndivyo vinavyotengeneza chakula cha mmea. Ukivunjwa, hutoa utomvu mweupe unaowasha ngozi na kuumiza macho vibaya, hata kumfanya mtu asione kwa muda. Mifugo huukwepa. Ua ukishasongamana, tembe na zizi huwa na ngome isiyohitaji kukarabatiwa.

Kisha ikaja Operesheni Vijiji. Katikati ya miaka ya 1970, kaya nyingi zilihamishiwa vijiji vya ujamaa, na miji ya zamani ikabaki mitupu. Tembe lisilo na mwenyewe humomonyoka kwa mvua za misimu michache na kurudi kuwa udongo. Minyaa huendelea kukua. Ndiyo maana mstari wa minyaa mirefu ukionekana porini, wenyeji hutambua kwamba hapo ni mahame: watu waliishi, wakafuga, wakahama.

Kwa jirani, mmea huu umeipa nchi jina. Wamaasai huuita *emanyara*. Kutoka hapo likapatikana jina la Ziwa Manyara, na mwaka 2002 la mkoa unaopakana na Singida.

Ughaibuni nako umethaminiwa. Linnaeus aliuandika mwaka 1753 kama *Euphorbia tirucalli*, akitumia jina lake la Malabar, India. Baada ya mafuta kupanda bei mwaka 1973, Melvin Calvin, mshindi wa Nobel ya Kemia ya 1961, alipendekeza utomvu wake ugeuzwe mafuta ya kuendeshea magari. Leo California hupandwa aina yenye ncha nyekundu na za manjano, kama pambo la bustani.

Singida mche wake ni kijiti tu. Tawi hukatwa, huachwa siku kadhaa hadi jeraha likauke, kisha huchomekwa ardhini mvua zikikaribia. Anayekata hukinga macho, na watoto huwekwa mbali.