Mbunge akikosea, anajibu kwa nani?

Kijiji cha Kalenga kiko kilomita chache nje ya mji wa Iringa, kwenye njia ya kwenda Hifadhi ya Ruaha. Watalii hufika pale kuliona fuvu la Mtwa Mkwawa, lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954 na kukabidhiwa kwa mjukuu wake, Chifu Adam Sapi Mkwawa. Wanaotoka pale wakijua habari ya pili ya mjukuu huyo ni wachache: ndiye aliyekalia kiti cha Spika wa Bunge kwa muda mrefu kuliko mtu mwingine yeyote nchini, kuanzia 1962 hadi 1973, kisha 1975 hadi 1994.

Baada yake Nyanda za Juu Kusini zikatoa maspika wengine wawili. Anne Makinda wa Njombe, iliyokuwa bado wilaya ya Mkoa wa Iringa alipochaguliwa mwaka 2010, alikuwa mwanamke wa kwanza kushika wadhifa huo. Dk. Tulia Ackson, wakati huo mbunge wa Mbeya Mjini, alifuata Februari 2022. Swali moja limepita mikononi mwa wote watatu, na hadi leo halijapata jibu la kuridhisha: mbunge akikosea, anajibu kwa nani?

Jibu la kwanza lilitolewa Februari 5, 1967. Azimio la Arusha liliweka miiko ya viongozi, na wabunge walitajwa miongoni mwao. Kiongozi alikatazwa kuwa na hisa katika kampuni, kuwa mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, kupokea mishahara miwili au kuwa na nyumba ya kupangisha. Miiko haikuishia kwa mwenye cheo tu, ilimgusa na mwenzi wake wa ndoa. Mwaka 1973 ikatungwa sheria ya kuunda kamati ya kusimamia masharti hayo.

Ilikuwa miiko mikali, na iliwabana wakubwa kweli. Lakini msimamizi wake alikuwa chama, na chama kilikuwa na makosa mengine ambayo kiliyaona makubwa kuliko nyumba ya kupangisha. Oktoba 1968 Halmashauri Kuu ya TANU iliwafukuza uanachama wabunge kadhaa, akiwamo Eli Anangisye wa Rungwe na Chogga wa Iringa. Hawakushtakiwa kwa wizi. Waliambiwa wamekwenda kinyume na siasa ya chama, wakati ambapo bungeni ulikuwa umepamba moto mjadala kuhusu nani ana kauli ya mwisho, Bunge au chama. Kupoteza kadi ya TANU kulikuwa kupoteza ubunge. Wananchi wa Rungwe na Iringa waliowapigia kura hawakuulizwa.

Miiko yenyewe ililegezwa Februari 1991, Halmashauri Kuu ya CCM ilipokutana Zanzibar. Hisa, ukurugenzi na nyumba za kupangisha vikaruhusiwa. Mwaka uliofuata vyama vingi vikarudi, na mwaka 1995 Bunge likapitisha Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, Namba 13. Tangu hapo kiongozi anaruhusiwa kuwa na mali, ila sharti aitangaze.

Kila mwaka, kabla ya Desemba 31 kumalizika, mbunge hujaza tamko la mali na madeni yake, ya mwenzi wake na ya watoto wake wadogo. Fomu hizo huenda Sekretarieti ya Maadili, ambayo kwa ukanda huu ina ofisi yake Mbeya. Na hapo ndipo sheria ilipojifunga mikono. Jinsi ilivyoandikwa mwaka 1995, mwananchi anayetaka kuiona rejista ya mali za mbunge wake sharti kwanza awe amewasilisha malalamiko yenye msingi, alipe shilingi 1,000, na akishaona asitangaze. Mkulima wa mpunga wa Kyela anaweza kujua bei ya gunia mjini Tunduma kwa kupiga simu moja. Mali za mtu aliyemtuma bungeni amezuiwa kuzizungumza hata na jirani yake.

Kyela ndiyo iliyomtoa Dk. Harrison Mwakyembe, mbunge aliyelipa Bunge siku yake kubwa ya uwajibikaji. Novemba 2007, chini ya Spika Samuel Sitta, iliundwa Kamati Teule ya wabunge watano, yeye akiwa mwenyekiti, kuchunguza mkataba wa Juni 2006 kati ya TANESCO na kampuni ya Richmond kutoka Houston, Marekani. Kampuni hiyo ilipewa kazi ya kuzalisha megawati 100 wakati nchi iko gizani kwa mgawo wa umeme. Kamati ilikuta haikuwa na fedha, uzoefu wala uwezo wa kazi hiyo. Ripoti ilisomwa Dodoma Februari 6, 2008. Kesho yake Waziri Mkuu Edward Lowassa alisimama, akalalamika kwamba kamati haikumhoji, kisha akatangaza kwamba amemwandikia Rais barua ya kujiuzulu. Mawaziri Nazir Karamagi na Ibrahim Msabaha walifuata, na Rais Jakaya Kikwete akavunja Baraza la Mawaziri.

Siku ile Bunge liliibana Serikali. Kujibana lenyewe kumekuwa kugumu zaidi.

Julai 2012 Spika Makinda aliivunja Kamati ya Nishati na Madini baada ya tuhuma za rushwa dhidi ya baadhi ya wajumbe wake. Uchunguzi ulipewa wabunge wenzao, na hakuna aliyepoteza kiti. Miaka miwili baadaye ikaja Akaunti ya Tegeta Escrow, ambamo zaidi ya shilingi bilioni 300 zilikuwa zimetoka Benki Kuu. Kamati ya Hesabu za Serikali, chini ya Zitto Kabwe na makamu wake Deo Filikunjombe, mbunge wa Ludewa aliyefariki katika ajali ya helikopta Oktoba 2015, ilipeleka ripoti bungeni Novemba 2014. Bunge likaazimia wenyeviti watatu wa kamati zake waondolewe: Andrew Chenge, William Ngeleja na Victor Mwambalaswa wa Lupa, Chunya.

Vyeo vya kamati viliwatoka, ubunge ukabaki. Uchaguzi wa 2015 uliwarudisha wote watatu, na Januari 2016 Chenge alichaguliwa kuwa mmoja wa wenyeviti wanaomsaidia Spika kuongoza vikao.

Wapo watakaosema wapiga kura waliulizwa, na hilo ndilo jibu lao. Ni hoja nzito, na haifai kupuuzwa. Lakini mpiga kura wa Lupa, au wa Bariadi kwa Chenge, alijibu kwa yale aliyoambiwa jukwaani, kwa sababu tamko la mali lilikuwa limefungiwa kabatini. Tamko hilohilo lina nguvu likielekezwa kwingine: Juni 28, 2019 Spika Job Ndugai alitangaza kiti cha mbunge wa upinzani Tundu Lissu kuwa wazi, na moja ya sababu mbili alizozitoa ilikuwa kutowasilisha fomu za mali. Lissu alikuwa Ubelgiji akitibiwa majeraha ya risasi alizopigwa Dodoma Septemba 2017.

Njia nyingine ilishawahi kuandikwa. Rasimu ya pili ya Katiba, ambayo Tume ya Jaji Joseph Warioba iliikabidhi Desemba 30, 2013, iliwapa wapiga kura haki ya kumwondoa mbunge kabla ya miaka mitano kwisha, ikaweka ukomo wa vipindi vitatu na kuwatenganisha mawaziri na ubunge. Bunge Maalumu la Katiba, ambalo wajumbe wake wengi walikuwa wabunge wenyewe, liliyaondoa yote matatu kabla ya Oktoba 2014. Kenya iliiweka haki ya kumwondoa mbunge katika Katiba yake ya 2010, na hadi sasa hakuna mbunge aliyeondolewa kwa njia hiyo. Kwa hiyo kifungu peke yake hakitoshi.

Kinachotakiwa kwanza ni kidogo zaidi, na hakihitaji Katiba mpya. Bunge lifute sharti la malalamiko, ada na katazo la kutangaza, ili matamko ya wabunge wa Mbeya, Songwe, Iringa na Njombe yawekwe mezani katika ofisi ya kanda, na mpiga kura yeyote aingie, asome, kisha akaamue mwenyewe.