Walimu wa Zamani na Maneno Waliyoyaazima

Mwaka jana mwenzetu mmoja, mwalimu, alituletea daftari lake la mafundisho juu ya Roho Mtakatifu, ili tulisome na kumwambia kama lafaa kupigwa chapa. Tulilisoma kwa furaha. Hata tulipofika katikati, maneno yalikuwa kana kwamba tumekwisha kuyasikia mahali. Tukafungua kabati la vitabu, tukayaona katika kitabu cha zamani, neno kwa neno, wala jina la mwenye kitabu halikutajwa katika daftari hata mara moja. Tulipomwuliza, mwenzetu hakuona haya wala hakukasirika. Alijibu kwamba kweli ya Mungu haina mwenyewe, na tena kwamba mababa wa Kanisa walifanya vivyo hivyo. Neno lile la pili ndilo lililotusumbua, maana si uongo. Basi tuliona ni vema kuchungua mababa hao walifanya nini hasa, na wale walioazimwa maneno yao walipatwa na nini.

Na tuanze Aleksandria, mji wa pwani ya Misri. Katika karne ya 4 alikuwako huko mwalimu aitwaye Didymus. Alipotewa na macho alipokuwa mtoto wa miaka minne hivi, kabla hajajua kusoma, naye alijifunza herufi kwa kuzipapasa zilizochongwa katika ubao. Hata hivyo alipita wenye macho kwa elimu, na Askofu Athanasio akampa kazi ya kuongoza chuo cha mafundisho ya dini. Vitabu vyake alivitamka kwa kinywa, waandishi wakaviandika. Kimoja kilikuwa juu ya Roho Mtakatifu, kwa lugha ya Kiyunani, kuwajibu watu waliosema kwamba Roho ni kiumbe tu.

Sasa tuvuke bahari mpaka Italia. Mwaka 374 watu wa Milano walimchagua Ambrosi awe askofu wao. Alikuwa liwali wa nchi ile, na siku ile alikuwa hata hajabatizwa. Mwenyewe aliungama baadaye kwamba ilimpasa kuanza kufundisha kabla ya kujifunza. Mtu wa namna hiyo atafanya nini, kama si kusoma usiku na kufundisha mchana? Mwaka 381 alimwandikia Kaisari Gratian vitabu vitatu juu ya Roho Mtakatifu, na alijua Kiyunani vizuri. Basi mengi aliyachota kwa Didymus, na mengine kwa Basil wa Kaisaria na kwa Athanasio. Jina la Didymus halimo.

Jambo hili lingalipita bila kelele, kama si Yeronimo, yule aliyefasiri Biblia kwa Kilatini. Papa Damasus alikuwa amemwomba akifasiri kitabu cha Didymus. Damasus akafa mwaka 384, na mwaka uliofuata Yeronimo akaondoka Roma akiwa na uchungu moyoni. Mwaka 386 alifika Aleksandria, akakaa karibu mwezi mzima miguuni pa yule mzee kipofu, ambaye yeye alizoea kumwita mwenye kuona. Kisha akaenda Bethlehemu, na huko akamaliza kazi ya kufasiri. Katika dibaji aliandika kwamba yeye aona afadhali kuwa mfasiri wa kazi ya mwingine kuliko kuwa kama watu fulani, kunguru mbaya aliyejipamba kwa rangi za ndege wengine. Akaongeza kwamba amesoma karibuni vitabu vya mtu juu ya Roho Mtakatifu, vilivyotolewa katika Kiyunani kizuri vikawa Kilatini kibaya. Hakumtaja mtu. Lakini Rufinus, aliyekuwa rafiki yake kisha akawa adui, aliandika wazi mwaka 401 kwamba kunguru yule ni Ambrosi.

Sisi hatumwoni Ambrosi kuwa mwizi. Kundi lake lilisumbuliwa na mafundisho ya kumpunguza Mwana na Roho, naye alikimbilia chakula kilipokuwapo. Walakini msomaji wa Milano hakuwa na njia ya kujua kwamba mafundisho yale mazuri yalitoka kwa kipofu wa Misri, na kama angalitaka kumwuliza mwenyewe neno moja zaidi, hakujua amwulize nani.

Lakini mla cha mwenziwe na chake huliwa. Yeronimo naye alikuwa ameandika maelezo ya Waraka kwa Waefeso. Dibajini alisema kwamba amemfuata Origen katika baadhi ya mambo, na tena amewatumia Didymus na Apollinaris. Vema, ila ndani ya kitabu hakuonyesha neno la Origen laishia wapi na lake laanzia wapi. Vipande vya maelezo ya Origen kwa Kiyunani vilivyopatikana vyaonyesha kwamba Yeronimo alimfuata karibu sana kuliko msomaji angaliweza kudhani. Baadaye Origen alipoanza kuitwa mzushi, Rufinus alimshika Yeronimo kwa maneno yaliyomo katika kitabu chake. Naye akajitetea: Hayo si yangu, ni desturi ya wenye kueleza Maandiko kuweka mbele mawazo ya watu wengi. Twamheshimu sana Yeronimo, lakini hapa hatuwezi kumsaidia. Ukimtaja mtu mlangoni tu, kisha ukachanganya vitu vyake na vyako ndani ya nyumba, sifa zikija utazipokea wewe, na lawama zikija utasema ni za mgeni.

Lawama zilimfika Didymus pia, ingawa alikuwa amekwisha kufa. Katika karne ya 6 na ya 7 jina lake lilitiwa laanani pamoja na la Origen, na watu wakaacha kuvinakili vitabu vyake vingi. Kitabu cha Roho Mtakatifu kwa Kiyunani kimepotea. Kilichobaki ni ile tafsiri ya Kilatini ya Yeronimo, iliyotiwa dibaji ya chuki. Hasira ya mtu mmoja ilitunza kitabu pamoja na jina la mwenyewe. Upole wa Ambrosi ungalitunza maneno peke yake. Tena mwaka 1941, wakati wa vita, vibarua waliokuwa wakisafisha mapango ya mawe huko Tura, karibu na Kairo, walikuta mafunjo ya kale, na ndani yake maelezo ya Didymus juu ya Mwanzo, Ayubu, Zaburi, Mhubiri na Zekaria, yaliyokuwa hayajasomwa kwa karne nyingi.

Mwafrika mwingine alipatwa na jambo zito zaidi. Tyconius alikaa upande wa Karthago, naye alikuwa wa kundi la Donatus, lililojitenga na Kanisa Katoliki kwa sababu ya maaskofu walioshtakiwa kwamba waliwatolea watesi Maandiko Matakatifu. Lakini Tyconius alifundisha kwamba Kanisa la Mungu limeenea duniani pote, tena lina wema na wabaya pamoja mpaka siku ya mwisho. Wenziwe walimhukumu kwa neno hilo karibu na mwaka 380. Wala hakuvuka kwenda upande wa pili. Hivyo huku alikataliwa, na kule alihesabiwa mtu wa faraka. Aliandika kitabu cha kanuni saba za kuyafahamu Maandiko, na maelezo ya Ufunuo wa Yohane.

Askofu Augustino, aliyewapinga watu wa Donatus miaka mingi, alizisoma kanuni zile akazipenda. Karibu na mwaka 396 alimwandikia Askofu Aurelius wa Karthago kumwuliza aonaje juu yake. Wakati uo huo alikuwa akiandika kitabu cha mafundisho ya Kikristo, akakiacha katikati, karibu na mahali pale pale ambapo kanuni za Tyconius zilikuwa ziingie. Hakukimaliza mpaka baada ya miaka thelathini hivi. Wataalamu wengine wadhani kwamba jina lile ndilo lililomkwamisha. Hata alipokimaliza, alimtaja Tyconius waziwazi, akasema alikuwa mtu wa Donatus, akaonya wasomaji wajihadhari, akaeleza kanuni zote saba moja moja na kuzisifu. Twaona hapo ujasiri kuliko katika mabishano yake mengi.

Katika kitabu hicho hicho, kuelekea mwisho, Augustino alitoa ruhusa ambayo mwenzetu wa daftari angaliipenda. Alisema kwamba mhubiri asiyeweza kutunga aweza kujifunza kwa moyo maneno mazuri ya mwingine akayahubiri, wala si vibaya, maadamu hadanganyi. Wanaoiba neno la Mungu, kama alivyosema nabii Yeremia, kwake ni wale wasemao mema na kuishi vibaya. Caesarius, askofu wa Arles katika Ufaransa tangu mwaka 502, alifuata njia hiyo sana: alitengeneza hotuba kwa maneno ya Augustino na ya wengine, akawagawia mapadre na maaskofu wazihubiri. Kwa hotuba juu ya Ufunuo alichota kwa Tyconius, bila jina. Miaka ikapita, na wanakili wakaziandika hotuba zile kwa jina la Augustino. Basi kwa karne nyingi watu walisoma maneno ya mtu wa Donatus wakidhani ni ya yule aliyempinga Donatus!

Primasius, askofu wa Hadrumetum katika Afrika, alimtaja Tyconius, lakini kwa dharau. Alijifananisha na mtu aokotaye kito katika samadi. Beatus, mtawa wa Hispania, alimtaja pia alipoandika juu ya Ufunuo mwaka 776. Kitabu chenyewe cha Tyconius juu ya Ufunuo kimepotea kikiwa kizima. Mtaalamu wa Ubelgiji, Roger Gryson, aliyakusanya maneno yake kutoka kwa wote walioyaazima, akayapiga chapa mwaka 2011, na katika jina la kitabu amemwita Tyconius Mwafrika.

Miongoni mwa wale walioazima kwake na kumtaja yumo Bede, mtawa wa Jarrow katika Uingereza, aliyefariki mwaka 735. Huyu alikuwa na desturi iliyotupendeza kupita zote. Alipoandika maelezo ya Injili ya Luka, mengi yakiwa ya Ambrosi, Augustino, Yeronimo na Gregori, alitia pembeni mwa ukurasa herufi za kwanza za majina yao, kila moja mahali pake, asije akadhaniwa anaiba. Na alipoandika juu ya Marko aliwasihi wanakili wasiziache herufi zile. Wengi waliziacha. Nakala zilizobaki nazo ni chache.

Tulimsimulia mwenzetu habari za Bede. Alilichukua daftari akaenda zake bila kusema mengi. Baada ya majuma matatu alilirudisha, pembeni mwa kurasa pamejaa herufi za wino mwekundu. Kurasa saba hazina alama yoyote. Hizo ni zake mwenyewe, nazo si mbaya. Tumelipeleka kwa mpiga chapa, pamoja na barua ya kumsihi asiziache herufi.