GARI LA TANGA: MCHEZO ULIOFIKA MAHAKAMANI

Wazee wenzangu wa shule, na ninyi wadogo zetu mlio madarasani leo, Mhariri ameniomba niandike habari za historia. Pengine alitarajia habari za waasisi wa shule yetu. Naomba radhi, maana nina deni la zamani, nalo lahusu ubao, magurudumu manne na kipande cha turubai.

Mwaka 1996, tukiwa Kidato cha Tatu, mwenzetu mmoja wa bwenini, mtoto wa nahodha, alifunga ubao juu ya magurudumu ya mkokoteni, akasimamisha mlingoti wa mwanzi na tanga la turubai kuukuu. Alitaka kuvuka uwanja wa mpira kwa nguvu ya upepo tu. Siku ya tatu mwalimu wa zamu alitukuta. Akauliza kama mchezo ule una swali katika mtihani wa taifa. Tukanyamaza. Ubao ukapelekwa jikoni ukawa kuni. Mimi nilikuwa mmoja wa walioubeba, wala sikusema neno.

Laiti ningaliijua historia siku ile, ningalikuwa na la kusema.

Habari za magari ya matanga zilifika Ulaya zikitoka China. Katika ramani ya nchi hiyo iliyochapwa na Abraham Ortelius mwaka 1584, magari hayo yamechorwa kabisa. Mnamo 1602, Simon Stevin alimtengenezea Mwana wa Mfalme Maurice wa Uholanzi gari la namna hiyo, lenye magurudumu manne na milingoti. Lilibeba watu 28 juu ya mchanga wa pwani, kutoka Scheveningen hadi Petten, mwendo wa zaidi ya kilomita 70. Inasimuliwa kwamba walitumia muda usiozidi saa mbili. Na huyo Stevin hakuwa mtu wa mzaha: kitabu chake cha mwaka 1585 ndicho kilichoeneza Ulaya hesabu za desimali, zile zile tulizochapiwa viboko.

Mwaka 1898, ndugu wa ukoo wa Dumont walitengeneza gari la tanga huko De Panne, pwani ya Ubelgiji. Tanga lake walilifuatiza matanga ya mashua za mto Nile. Kwa hiyo Afrika nayo ina mkono wake katika jambo hili.

Tulimpinga mwenzetu yule tukisema kwamba chombo cha upepo hakiwezi kuushinda upepo mbio. Akatujibu: "Baba haendi na upepo. Anaukata." Alikuwa na haki. Upepo ukitoka nyuma, chombo cha tanga hakiwezi kuupita, kwa sababu kadiri kinavyoukaribia mwendo wake, tanga hulegea. Lakini upepo ukipiga ubavuni, tanga husukumwa mbele, na magurudumu huzuia chombo kisiteleze upande. Kikishaenda, hujitengenezea upepo mwingine wa mbele, nao huungana na ule wa kwanza, tanga likazidi kupata nguvu. Manahodha wetu waendao bisho hulijua jambo hili bila kalamu. Tarehe 11 Desemba 2022, juu ya ziwa kavu la chumvi la Gairdner, Australia, Glenn Ashby aliendesha gari la tanga kwa kasi ya kilomita 222.4 kwa saa, mara kadhaa ya kasi ya upepo wenyewe.

Sasa nifike kwenye ubao. Mwaka 1968 Wamarekani wawili, Jim Drake na Hoyle Schweitzer, waliomba haki ya uvumbuzi wa ubao wa majini wenye tanga. Mlingoti wake ulishikwa na kiungo kinachopinda kila upande, na mpandaji alisimama akilishika tanga kwa mikono. Baadaye tanga la namna hiyo likahamishiwa juu ya mbao zenye magurudumu, zikaendeshwa ufukoni na kwenye viwanja.

Mchezo ukawa biashara kubwa, na biashara ikaleta kesi. Katika miaka ya 1980 Mahakama ya Rufani ya Uingereza ilielezwa kwamba mwaka 1958, katika kisiwa cha Hayling, mtoto wa miaka 12 aitwaye Peter Chilvers alikuwa amekwisha kujitengenezea ubao wa tanga na kuuchezea hadharani. Mahakama ikatamka kwamba haki ile ya uvumbuzi haikuwa halali nchini humo. Majaji walikuwa wameupima mchezo wa mtoto na kuukuta na uzito.

Wa mwenzetu ulipikia maharage.

Nilikutana naye mwaka jana kituo cha basi. Nikamwomba radhi, miaka mingi imepita. Akacheka sana, kisha akaniuliza: "Na turubai langu mlilipeleka wapi?" Sikuwa na jibu.

Ndugu zangu, nilipotembelea shule nilikuta karakana ya useremala imefungwa kufuli, ndani mmejaa madawati mabovu. Napendekeza mkutano wetu wa mwaka huu uifungue, na kila mmoja wetu alete msumeno, randa au nyundo. Mimi nitaleta turubai. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Sisi tulimchoma wetu. Wadogo zetu tusiwafanyie hivyo.